Muongo: Siku Kumi au Miaka Kumi?

Miongoni mwa istilahi za wakati zilizokwisha kukubalika katika Kiswahili sanifu ni "muongo", iliyowekwa kuwa kisawe cha neno la Kiingereza "decade", yaani miaka kumi. Hatuna ugomvi na matumizi hayo. Tunalolalamikia ni kwamba maana mpya imeifukia ya kale.

Kwa mabaharia na wakulima wa pwani, muongo ulikuwa siku kumi. Mwaka wao ulianza Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ukahesabiwa miongo 36, na siku tano zikabaki. Hesabu hiyo ilikuwa na sababu yake. Miezi ya Hijra hufuata mwandamo, na kila mwaka hutangulia jua kwa siku zipatazo 11. Haiwezi kumjulisha nahodha wakati wa pepo, wala mkulima wakati wa kupanda. Atazamaye Kilwa ataielewa haja hiyo: vyombo vya Arabuni vilishuka na kaskazi vikarejea na kusi, na aliyekosa pepo alingoja msimu mwingine. Katika bandari ya namna hiyo, siku kumi ni muda mzito.

Haja hiyo haijakwisha. Wataalamu wa hali ya hewa hutoa taarifa za mvua kwa vipindi vya siku kumi kumi. Kwa Kiingereza imewabidi wageuze tahajia, waandike "dekad", ili kuepuka kuchanganya siku na miaka. Sisi tulio na neno tayari twasema "siku kumi" tu. Tena Umoja wa Mataifa umeifanya miaka 2021 hadi 2030 kuwa Muongo wa Sayansi ya Bahari. Yaani neno la baharia linarudishwa baharini likiwa na maana ambayo baharia hakuipa.

Rai yetu ni hii. Kamusi zitaje maana zote mbili, na pale penye utata isemwe "muongo wa siku" au "muongo wa miaka". Tahajia nayo ilindwe: muongo huu, miongo hii, lakini mwongo huyu, waongo hawa.

Muundaji wa istilahi hana budi kuwauliza kwanza wavuvi wa Kivinje na wakulima wa Lindi, kabla hajafungua kamusi ya kigeni. Huenda neno analolitafuta limekwisha kufanya kazi huko kwa karne nyingi.