Usawa Hauuzwi Dukani

Ukitoka Mwanza mjini kwenda Shinyanga, njia panda ni Usagara: kulia unashika Kigongo, Sengerema na Geita, mbele unaingia Misungwi. Barabara hizi mbili ni za magari ya kazi, na Land Cruiser za mkonga hazikosekani. Nyingi zinabeba injini ambayo mafundi wa Kanda ya Ziwa wanaijua hata gizani: 1HZ ya Toyota, dizeli ya lita 4.2, silinda 6 kwenye mstari mmoja, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Haina tabo wala mbio, ila inavumilia.

Wenye magari wengine hawaridhiki na uvumilivu. Tangu tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli linaunganisha Kigongo na Busisi, foleni ya kivuko imekwisha, na mtu anataka apite na mzigo wake bila injini kulalamika. Basi anafika gereji na maboksi: tabo ya kuongezea, hedi mpya isiyo ya Toyota, puli ya kranki nyepesi. Anasema, “Fundi, nifungie hivi, kesho alfajiri nina safari.” Fundi anayejiheshimu hujibu kwa upole: “Kesho haiwezekani, bosi.”

Kinachomchelewesha ni kupima. Hedi ya zamani haifunguliwi injini ikiwa ya moto, na boliti zake hulegezwa kidogo kidogo kuanzia pembeni kuja katikati, zisije zikaipinda. Uso wa bloku husafishwa kwa mkono. Anayetumia diski ya grenda huacha mabonde yasiyoonekana, na unga wake ukiingia kwenye oili unakula beringi. Kisha fundi analaza rula ya chuma juu ya uso, kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, na kujaribu kupitisha fila chini yake. Kwenye injini nyingi, fila ya milimita 0.05 ikipita tayari kuna neno, na hiyo ni nyembamba kuliko unywele.

Napenda zaidi anavyoitendea hedi mpya. Mwenye gari anaiona inang'aa na kuamini kazi imekwisha. Fundi anaipima kama aliyoitoa, kwa sababu upya si ushahidi wa unyoofu. Anakagua kati ya vali na vali, mahali ambapo 1HZ iliyoongezewa tabo inajulikana kupasuka, maana moto umezidi na maji ya kupooza ni yaleyale. Akipata shaka, hedi inakwenda kwa mwenye mashine ikajaribiwe kwa presha au ipigwe skimu.

Linafuata suala la gasketi. Injini nyingi za dizeli zina gasketi za unene tofauti, na ya kufunga hujulikana baada ya kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Nyembamba kupita kiasi, pistoni inakaribia kugonga; nene kupita kiasi, mgandamizo unapungua na asubuhi gari linagoma kuwaka. Matundu ya boliti nayo hukaushwa hadi chini, kwa kuwa oili iliyobaki humo haigandamiziki: toki renchi inalia kwamba boliti imekaza, kumbe imekaza oili, na bloku inaweza kupasuka.

Ndipo inapokuja saa ya kukaza. Boliti ya kwanza ni ya katikati, kisha zinafuata za pande zote mbili kwa zamu, kuelekea nje, ili gasketi ilale bila kunasa mkunjo. Mzunguko wa kwanza mwepesi, wa pili mzito, na kwenye injini nyingi wa mwisho haupimwi kwa uzito bali kwa pembe: nyuzi 90. Fundi anatia alama ya rangi kwenye kila kichwa cha boliti, na kijana anayejifunza kazi anazihesabu kwa sauti. Hapo hakuna anayepokea simu.

Puli ya kranki inadharauliwa na wengi kwa sababu iko nje na inaonekana kuwa kazi yake ni kuzungusha mikanda tu. Ya kiwandani ni vyuma viwili vyenye raba katikati. Kila silinda inapowaka inaisokota kranki kidogo, kisha kranki inajirudi. Raba hiyo ndiyo inayomeza mtetemo, na kranki ndefu ya silinda 6 inauhitaji msaada huo kuliko fupi. Puli nyepesi isiyo na raba inaifanya injini ipande mzunguko haraka, lakini mtetemo unabaki kwenye chuma. Kwa hiyo fundi anaigeuzageuza puli ya mteja, anairudisha kwenye boksi, na kumshauri atafute nyingine yenye raba nzima. Hiyo ataiingiza bila nyundo, atahakikisha kii imekaa na sili haikukwaruzwa, kisha ataangalia kama inayumba inapozunguka.

Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa mtu aliyeijua injini kwa mikono yake. Joginder Singh wa Kenya, aliyeitwa Simba wa Kenya, alikuwa fundi makenika kabla ya kuwa bingwa. Alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Matope na mawe ya Safari yalikuwa yanayafumua magari mapya, na dereva aliyejua kilichofungwa chini ya boneti alijua pia kiasi cha kukidai.

Kwetu bei ya spea hulipwa bila maneno mengi, ila ya ufundi hukatwa hadi mfupa. Mteja anahesabu boliti zilizofungwa, hahesabu vipimo vilivyofanywa kabla ya hapo, wala spea ambayo fundi alikataa kuifunga. Hedi ya bei yoyote ikikalia uso uliopinda itachemsha gari kabla halijafika Geita. Anayetaka nguvu aanze kwa kulipia siku ya kupima. Hiyo ndiyo spea ya kwanza.