Matumaini Si Bahati

Mara ngapi tumemwuliza mtu habari za nyumbani, naye akajibu: «Tunatumaini tu»? Neno hilo «tu» laonyesha kwamba haoni njia. Anangoja labda kesho bahati itapita mlangoni pake. Sisi makatekista tumezoea kulisikia bila kulichunguza. Lakini siku moja, katika mafundisho ya wakatekumeni, mama mmoja ambaye binti yake alichukuliwa na watu wenye silaha wala hajarudi, alituuliza: «Mwalimu, mnatufundisha sala ya matumaini. Mimi nitumaini nini?» Tulimjibu kwa maneno ya katekisimu. Aliitikia kwa adabu, nasi tukajua kwamba hatukumjibu.

Kwa sababu yake tulirudi kuisoma barua ya Papa Benedikto wa 16, iitwayo kwa Kilatini Spe Salvi, iliyotolewa tarehe 30 Novemba 2007. Maneno hayo mawili yametoka katika waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Waroma, sura ya 8. Barua ina mafungu 50, na tusifiche: katikati yake ni mlima. Papa anajadiliana na wanafalsafa wa Ulaya, akina Bacon, Kant na Marx, na msomaji wa parokia zetu asiyepata kuwasikia atachoka. Hata hivyo jambo lenyewe si geni kwetu. Papa anaonyesha jinsi watu walivyoyaondoa matumaini yao kwa Mungu wakayaweka katika elimu na siasa, wakidhani hizo zitaleta paradiso duniani. Sisi Wakongo, ambao wazazi wetu waliahidiwa mengi mwaka 1960, hatuna haja ya Kant ili kuelewa mafungu hayo.

Mwanzo wa barua, lakini, ni mzuri kabisa. Papa hakawii katika kueleza maana ya maneno, mara anatuletea mtu, tena mtu wa Afrika: Mtakatifu Yozefina Bakhita. Alizaliwa karibu na mwaka 1869 huko Darfur, katika Sudani. Alipokuwa na umri wa miaka kama tisa aliibwa, akauzwa mara tano sokoni, akapigwa hata akabaki na makovu 144. Mwaka 1882 alinunuliwa kwa ajili ya konsuli wa Italia, na hivyo akafika Ulaya. Huko akasikia habari za Bwana mwingine, anayemjua na kumpenda, na ambaye mwenyewe alikubali kupigwa. Zamani tumaini lake lilikuwa dogo, yaani kupata bwana asiye mkali sana. Sasa alijua kwamba yuko Mmoja asiyemwacha.

Papa hakusimama juu ya jina lake, nasi twasikitika kidogo, maana msomaji wa Kiswahili angelishika upesi. Bakhita ni neno la Kiarabu, ndugu wa neno letu bahati. Alilipewa na wale waliomwiba. Lile la wazazi wake alilisahau kwa hofu. Dhihaka gani, kumwita mtoto aliyeibwa «Mwenye Bahati»! Na kweli, bahati ndiyo yote ambayo mtumwa angeweza kungojea: leo bwana mkali, kesho labda mpole. Matumaini ya Biblia ni kitu kingine. Katika Kiebrania neno tikva, maana yake matumaini, ni lile lile linalotaja kamba nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani kule Yeriko: kitu cha kushika, kilichofungwa mahali. Tena, akieleza waraka kwa Waebrania, sura ya 11, Papa anafundisha kwamba imani si kusadiki moyoni tu kwamba mema yatakuja. Yatupa tangu sasa kitu fulani cha mema hayo. Sisi tungesema hivi: familia ikipokea sehemu ya kwanza ya mahari, binti angali kwa baba yake, lakini kijiji chote chajua ameposwa na nani.

Kuna jambo ambalo Papa amelipita upesi mno. Anasema Bakhita alikataa kurudishwa Sudani. Naam, lakini kukataa huko kulifika mbele ya hakimu, Venezia, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye si mtumwa. Alikuwa bado mkatekumeni; alibatizwa tarehe 9 Januari 1890. Wako wanaodhani kwamba mwenye kutumaini mbinguni huinamisha kichwa na kunyamaza. Msichana huyu, aliyezoea kutii fimbo, alimwambia bibi yake hapana, na maji ya ubatizo yalikuwa hayajamgusa. Barua ingalipata nguvu zaidi kama ingalisimama hapo.

Tulimsomea yule mama na wenzake habari hizi. Walisikiliza vizuri. Mwishoni yeye akauliza: «Na mama yake Bakhita je? Alimwona tena?» Hapana. Bakhita alikufa Italia tarehe 8 Februari 1947, bila kuwaona tena wazazi wake. Juu ya mama huyo barua haisemi neno.

Ndipo tulipofungua kurasa za karibu na mwisho, zinazoeleza hukumu ya Mungu kama mahali pa kujifunza matumaini. Kwa maoni yetu hizo ndizo kurasa bora za barua nzima, na sisi makatekista tumezifundisha kinyume, maana hukumu tumeitumia kuwatisha watoto. Papa anafundisha kwamba aliyeonewa akafa hajasahauliwa. Kwamba haki yenyewe yadai ufufuko wa wafu. Kwamba mtesaji hatakaa mezani karibu na mteswa kana kwamba halikutokea neno. Hata yaliyopita, ambayo sisi hatuwezi kuyagusa tena, Mungu aweza kuyatengeneza.

Mama hakutaka tumweleze zaidi. Alituomba tusome tena lile fungu la mtesaji na mteswa, polepole, akamwita jirani yake asogee asikie.