Kinachomfikia Mbogo ni Kichwa cha Risasi

Mabishano mengi kuhusu uwindaji wa wanyama wakubwa huanzia kwenye bunduki na kuishia hapo hapo. Huyu anaisifu kaliba (upana wa mtutu kwa inchi) ya .375, yule anaapa kwa .416, mwingine anataja kasi. Lakini bunduki haimgusi mnyama. Kinachomgusa ni kichwa cha risasi, kile kipande cha gramu kumi au ishirini kinachotoka mtutuni. Kipande hicho kinatakiwa kipite tope lililokauka, ngozi nene, msuli, pengine mfupa wa bega na ubavu, kisha kifike moyoni au mapafuni kikiwa bado kina nguvu ya kuharibu. Namna tatizo hilo lilivyotatuliwa ndiyo ninayotaka kuichambua, maana anayeielewa hatachagua risasi kwa kutazama picha ya simba juu ya boksi.

Mfano unaofundisha zaidi unatoka mbali na savana zetu. Mwaka 1946, John Nosler, mfanyabiashara wa malori kutoka Oregon, Marekani, alikuwa akiwinda British Columbia, Kanada. Alikuwa akimfuata musi, yule kulungu mkubwa kuliko wote wa nchi za baridi, mwenye pembe pana na uzito unaomkaribia pofu dume. Bunduki yake ilikuwa ya .300 H&H Magnum, silaha ya kasi kubwa na yenye heshima. Mnyama alikuwa amegaagaa na kugandwa na tope. Risasi zilimpata, ila zilipasuka juu juu badala ya kuzama ndani.

Kosa halikuwa la shabaha. Vichwa vya kawaida vya wakati ule vilikuwa kikombe chembamba cha shaba kilichojazwa madini ya risasi, kikiwa kimeachwa wazi kwenye ncha. Kwa bunduki za kasi ya wastani vilifanya kazi nzuri: ncha inagonga, inafunguka kama uyoga, na jeraha linakuwa pana. Kumbe .300 H&H hurusha kichwa cha greni 180 (gramu 11.7) kwa karibu mita 880 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, tena kwa umbali mdogo, ganda la shaba huchanika hadi kitakoni, madini laini ya ndani husambaratika, na vipande vyepesi hukwama kwenye nyama ya juu.

Nosler alirudi nyumbani na wazo ambalo ukiliona kwenye kichwa kilichopasuliwa kwa urefu, unalielewa mara moja. Alichukua kipande cha shaba, akakitoboa kutoka pande zote mbili, lakini matundu hayo hayakukutana. Katikati aliacha ukuta wa shaba. Chumba cha mbele kilijazwa madini ya risasi, na cha nyuma vivyo hivyo. Ukikitazama kimepasuliwa, kuta zake zinachora herufi H. Ncha ikigonga, chumba cha mbele hufunguka na kupanua jeraha, hata kama sehemu yake itapotea njiani. Kufunguka huko kukifika kwenye ukuta, kunakoma. Chumba cha nyuma hubaki kizima na kuendelea kusukuma mbele. Kwa kawaida kichwa cha namna hii hubakiwa na takriban theluthi mbili ya uzito wake.

Kiwanda cha RWS cha Ujerumani kilikuwa na kichwa chenye umbo la H hata kabla ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo Nosler hakuwa wa kwanza kulifikiria umbo hilo. Alichofanya ni kulifikisha kwa mwindaji wa kawaida. Kampuni yake ilianza mwaka 1948, na kichwa hicho, Partition, bado kinauzwa hadi leo.

Ili kuona kwa nini ukuta mdogo wa shaba ulibadilisha mambo, tupige hesabu moja. Chukua uzito wa kichwa, ugawe kwa eneo la duara lake. Kichwa cha .375 chenye greni 300 (gramu 19.4) kina takriban gramu 27 kwa kila sentimita ya mraba. Namba hiyo ikiwa kubwa, kichwa kina uzito mwingi nyuma ya uso mdogo, nacho hupenya zaidi. Sasa kikifunguka hadi upana wake uwe mara mbili, eneo la uso linakuwa mara nne. Gramu 27 zinashuka hadi chini ya 7. Kikipoteza na nusu ya uzito wake, zinabaki 3 na kitu. Ndiyo maana kupanuka ni baraka ikiwa kuna mpaka, na ni balaa kukiwa hakuna. Jeraha pana lisilofika mapafuni ni mateso matupu kwa mnyama.

Hesabu hiyo hiyo inafumbua kitendawili cha Karamoja. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti Walter Bell aliwinda tembo kaskazini mashariki mwa Uganda na maeneo ya jirani. Aliua zaidi ya tembo 1,000, sehemu kubwa kwa bunduki ndogo ya 7x57, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Nguvu ya risasi yake haifiki nusu ya ile ya .375. Aliwezaje? Kichwa chake kilikuwa na greni 173 (gramu 11.2), kirefu, cha ncha ya mviringo, kilichofunikwa shaba au chuma pande zote za mbele kisifunguke kabisa. Gawanya uzito huo kwa eneo la duara lake: unapata takriban gramu 27 kwa sentimita ya mraba, sawasawa na .375. Kwa kuwa hakikupanuka, hakikupoteza chochote njiani. Kilipita kwenye mfupa wa fuvu, ambao kwa tembo umejaa vyumba vyumba vya hewa, hadi kwenye ubongo.

Hapa ndipo wengi wanapojifunza somo lisilo sahihi. Bell aliujua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande na alikuwa na shabaha ya kipekee. Kichwa chembamba kisichopanuka hakimsamehe anayekosea kwa kiganja kimoja. Nchi kadhaa za Afrika zenye uwindaji wa kitalii zimeifanya .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari, nami naunga mkono, kwa sababu sheria hutungwa kwa ajili ya mtu wa kawaida mwenye hofu na pumzi zinazomwenda mbio. Kinachobaki kweli katika kazi ya Bell ni kwamba muundo wa kichwa ndio ulioamua kina cha jeraha.

Baada ya Nosler, mafundi walifuata njia mbili. Ya kwanza ni kuyachomelea madini ya risasi kwenye ganda nene la shaba ili visiachane hata ganda likifunguka. Hivyo ndivyo vilivyo vichwa vya Woodleigh vya Australia na Trophy Bonded vya Marekani, na Swift A-Frame ikaunganisha ukuta wa Nosler na uchomeleaji huo. Ya pili ni kuyaacha kabisa madini ya risasi. Mwaka 1989 Barnes walileta kichwa cha shaba tupu chenye tundu kwenye ncha. Kikigonga kinachanua petali nne na kubakiwa na karibu uzito wote. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na wengi huchagua chepesi kidogo bila kupoteza upenyaji. Tena hakiachi chembe za sumu katika nyama, jambo la maana pale nyama inapogawiwa vijiji vya jirani na mabaki yanapoliwa na tai.

Twende sasa kwa mbogo. Akisimama ubavu, moyo wake uko chini, katikati ya miguu ya mbele, umelindwa na bega na mbavu pana. Kwa risasi ya kwanza chagua kichwa kinachofunguka, lakini cha ukuta, cha kuchomelewa au cha shaba tupu. Kisichofunguka kinaweza kumtoboa na kumjeruhi mwingine aliyesimama nyuma yake kundini. Akishakimbia na kukupa kisogo, mambo yanageuka: risasi hulazimika kupita tumbo lililojaa majani mabichi, kizuizi kigumu kwa kichwa kilichopanuka. Kwa hiyo risasi zinazofuata ndani ya bunduki ziwe za kichwa kigumu kisichofunguka, na ncha bapa ni bora, kwa maana huenda mnyoofu zaidi mwilini kuliko ncha ya mviringo. Kwa tembo, tumia kigumu tangu mwanzo. Kwa pofu na kongoni, kichwa imara kinachofunguka kinatosha.

Baada ya kuchuna, tafuta kichwa chini ya ngozi ya upande wa pili, kisafishe, kipime. Kama .375 yako iliingia na gramu 19 na imebaki na 17, umechagua vyema. Ukikuta ganda tupu lililopinduka nje ndani, usitumie tena kichwa cha aina hiyo kwa mnyama mkubwa, hata kama safari hii mbogo alianguka.

Mbogo aliyejeruhiwa vibaya hamngojei mwenye bunduki ya bei ghali. Anaingia kichakani, na anayetangulia kumfuata ni msoma nyayo, nyuma yake askari wa wanyamapori. Keshokutwa anaweza kukutana na mama anayeokota kuni. Kwa hiyo namwomba kila mwindaji bingwa: siku ya kwanza kambini, kabla ya kulenga shabaha ya karatasi, fungua boksi la mgeni wako, utazame vichwa vilivyomo. Vikiwa vya ganda jembamba na kasi kubwa, mkatalie, hata bunduki yake iwe ya thamani gani.