Hotuba ya Nyerere Ikisomwa Litowa

Wapenzi wa fasihi hawaisomi sana hotuba ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliwapa masista wa Maryknoll, huko New York, Oktoba 16, 1970. Aghalabu imeachiwa mapadri na wanasiasa. Nayo ni insha madhubuti ya Mkatoliki aliyeshika dola, iliyotangulia kwa mwaka mmoja kitabu cha Gustavo Gutiérrez wa Peru kilichoitangaza teolojia ya ukombozi duniani.

Hoja yake hupanda ngazi kwa ngazi. Ikiwa mwanadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu, na walio wengi ni maskini, waoga na wenye kuonewa, je, tumsadiki Mungu mwenye sura hiyo? Msemaji anakataa. Unyonge huo, basi, ni kazi ya wanadamu, na Kanisa lisiloshiriki katika uasi dhidi ya mifumo inayouzaa litapoteza maana kwa watu. Nguvu ya insha imo humo: haimfundishi muumini dini mpya, bali inamdai ile aliyonayo.

Na tuisome sasa tukiwa Songea. Huko Litowa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianza kulima na kuishi kwa ushirika. Vijiji vikafika 17 hivi, chini ya Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, vikiwa na skuli, kinu cha nafaka na desturi ya kuamua mambo mkutanoni. Nyerere aliwasifu, na waraka wake wa Ujamaa Vijijini wa 1967 una harufu ya Litowa. Lakini Septemba 24, 1969, Kamati Kuu ya TANU iliipiga marufuku Jumuiya hiyo, na mali yake ikachukuliwa. Kosa lao kubwa lilikuwa kujiamulia wenyewe, katika Bara ambako TANU ndiyo iliyokuwa chama pekee kisheria.

Hotuba ilikuja miezi 13 baadaye, na Litowa haikutajwa. Msomaji wa pwani atasema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Lawama hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Huko Brazil majenerali waliyakataza magazeti hata kumtaja Askofu Hélder Câmara. Kule ilijulikana wazi nani anapinga na nani anapingwa. Kwetu mwito wa uasi ulitoka kwa mkuu wa nchi. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge aliuitikia ujamaa kwa kwenda kuishi kijijini pamoja na wakulima, na hapana asiyeiheshimu hatua hiyo. Hata hivyo, kumfuata mtawala anayehimiza uasi ni utiifu tu, na padri wa kijijini aliyetaka kuwatetea wanyonge mbele ya Chama hakuachiwa pa kusimama.

Pa kusimama pamo ndani ya hotuba yenyewe. Kipimo chake hakibagui: mfumo wowote unaomfanya mtu mwoga unahukumiwa nacho, uwe wa tajiri au wa Chama. Hoja ikishatungwa barabara humtoka mtungaji, kama shairi, ikawa mali ya kila aisomaye. Wanakijiji wa Litowa walistahiki kusimama na hotuba hiyo mkononi mbele ya kiongozi yeyote wa mkoa, na kumsomea neno kwa neno.