Jiwe Dume na Jiwe Jike

Mezani kuna jibini iliyosukwa kama nywele za mtoto wa shule. Pembeni yake zeituni, asali, mayai yaliyoletwa na kikaango chake, na chai katika vikombe vya kioo vilivyobanwa kiunoni. Anayeagiza staftahi katika Hasan Paşa Hanı, mjini Diyarbakır, kusini-mashariki mwa Uturuki, hapati hata pa kuegemeza kiwiko. Basi na ainue macho.

Jengo hili lilisimamishwa kati ya 1572 na 1575 na Hasan Paşa, liwali wa dola ya Osmania, mwana wa waziri mkuu Sokollu Mehmed Paşa. Lilikuwa fikio la misafara: vyumba chini na juu, vyote vikiutazama ua mmoja wenye birika katikati.

Kuta zake zina mistari, mmoja mweusi wa basalti, mmoja mweupe wa chokaa. Punda milia aliyepigwa pasi. Mwashi hana pa kujificha hapo. Kwenye ukuta wa rangi moja kosa dogo humezwa, lakini hapa mstari ukipinda nusu kidole, jengo zima linamsema. Na mistari ile haikomei ukutani: weusi na weupe hupokezana hata kwenye matao, jiwe kwa jiwe.

Ila ufundi mkubwa zaidi uko miguuni. Basalti ya huko hutoka Karacadağ, mlima wa volkano ulio jirani, na waashi wa Diyarbakır huigawa kwa jinsia. Jiwe dume ni zito, halina tundu, hubebeshwa mzigo: nguzo na kuta. Jiwe jike lina vitundu tele, hutandikwa uani. Kiangazi, joto linapopita nyuzi 40, sakafu humwagiwa maji. Vitundu huyanywa, kisha huyaachia polepole, na hewa ikapoa. Ni elimu ileile ya mtungi unaotoka jasho. Waashi wa Lamu wasingeishangaa, kwani nao walitenga mawe: tumbawe gumu la kujengea, na lile laini la baharini, lililochongwa likiwa bado bichi.

Misafara imekwisha, biashara haijatoka. Chumba kilichomtosha msafiri na marobota yake leo kinamtosha sonara na kabati lake la kioo, jirani yake muuza mazulia, na ghorofani meza za chai zimesogezwa hadi ukingoni, chini ya matao yaleyale.