Shoka Ukutani: Jinsi The Thing ya 2011 Ilivyojengwa Kinyumenyume

Katika The Thing ya John Carpenter, iliyotoka mwaka 1982, rubani MacReady na Daktari Copper wanaruka kwa helikopta hadi kambi ya watafiti wa Norway huko Antaktika na kuikuta imeteketea. Hakuna aliye hai. Kuna shoka limekita ukutani. Kuna mtu amegandia kitini akiwa amejikata koo. Kuna bonge la barafu lililobaki na shimo katikati, kana kwamba kitu kilitoka humo, na nje kwenye theluji kuna mzoga ulioungua wenye nyuso mbili zilizoyeyukiana. Carpenter haelezi hata kimoja. Anatupitisha humo kwa dakika chache, kisha anaturudisha kwa Wamarekani wake, na mtazamaji anabaki kujiuliza kulipita nini pale.

Miaka 29 baadaye studio ya Universal ilitoa jibu kwa filamu tangulizi yenye jina lilelile, The Thing, uamuzi ambao mpaka leo unawachanganya watu wanaotafuta moja wakapata nyingine. Watayarishaji walikuwa wamekataa kuirudia filamu ya Carpenter. Waliona ni afadhali kusimulia habari za hao Wanorwe. Mswada wa mwanzo uliandikwa na Ronald D. Moore, kisha ukaandikwa upya na Eric Heisserer, yule ambaye baadaye angeandika Arrival. Kiti cha mwongozaji alipewa Mholanzi Matthijs van Heijningen Jr., mtu wa matangazo ya biashara aliyekuwa anaongoza filamu ndefu kwa mara ya kwanza. Heisserer aliifananisha kazi yake na upasuaji wa maiti: mwisho unao mezani, lazima urudi nyuma utafute chanzo.

Ninavyoiona mimi, filamu hii ilishinda pale ilipofanya kazi ya mpelelezi na ikashindwa pale ilipoanza kufanya kazi ya filamu ya kutisha. Ushindi wake umedharauliwa mno na mashabiki wa Carpenter, kwa hiyo nianze nao.

Lichukue hilo shoka. Mwandishi mvivu angemfanya mtu amkose adui na shoka likite ukutani, basi. Hapa mkono unachomoka kwenye mwili wa dubwana, kiumbe kinachomeza watu na kuwaiga, na kuanza kutambaa kama kiumbe kamili. Mtu mmoja anaushindilia ukutani kwa shoka, nao unachomwa moto. Baadaye mtu anataka kulichomoa, anazuiwa: liache hapohapo. Na kwa nini liachwe? Kwa sababu kufikia wakati huo wahusika wamekwisha kujua kwamba chembe moja hai ya kitu hiki inatosha kuwa dubwana zima. Kwa maneno mawili filamu imelipa deni lake kwa mwaka 1982, na papo hapo imetuonyesha jinsi akili za hawa watu zilivyobadilika ndani ya muda mfupi. Hivyo ndivyo mwendelezo unavyopaswa kufanya kazi. Mtu ambaye hajaiona filamu ya kwanza hatahisi kwamba kuna kitu kimepachikwa.

Mzoga wenye nyuso mbili umepatiwa asili kwa njia hiyohiyo. Edvard, mmoja wa watu wa kambi aliyekwisha kuigwa, anapasuka mbele ya wenzake, dubwana linamlalia kijana Adam na kuanza kumla akiwa hai, uso kwa uso, hadi sura zinaunganika. Kisha linachomwa huko nje, mahali ambapo MacReady atalikuta. Ni tukio baya kutazama, nalo limefikiriwa vizuri: kile ambacho mwaka 1982 kilikuwa umbo la kushangaza tu, hapa kinakuwa mlo uliokatizwa.

Halafu kuna lugha. Waigizaji wengi waliocheza Wanorwe ni Wanorwe kwelikweli, akiwemo Kristofer Hivju kabla ulimwengu haujamjua kupitia Game of Thrones, na wanazungumza Kinorwe bila kuombewa radhi. Lars, aliyechezwa na Jørgen Langhelle, hajui Kiingereza kabisa. Hilo si pambo. Katika kisa ambacho kila mtu anamshuku mwenzake, watu wanne wakinong'ona kwa lugha usiyoielewa ni tishio tosha hata kama wanazungumzia chai. Woga unapopanda, kambi inagawanyika yenyewe: Wanorwe upande huu, Wamarekani upande ule.

Mgawanyiko huo ndio unaolizaa tukio bora kuliko yote humu, la meno. Katika filamu ya Carpenter kuna jaribio maarufu la damu: waya wa moto unachovywa katika damu ya kila mtu, na damu ya dubwana inaruka kujitetea. Filamu tangulizi haikuweza kulirudia bila kuiba, wala haikuweza kujifanya kwamba hakuna aliyelifikiria. Basi wanaanza kuandaa kipimo cha damu, na maabara inachomwa moto kabla hakijafanyika. Mtaalamu wa visukuku Kate Lloyd, anayechezwa na Mary Elizabeth Winstead, amekwisha kuokota vipande vya vyuma vyenye damu, vile ambavyo daktari hutumia kuziba meno. Anaunganisha mambo: kiumbe hiki huiga nyama na mfupa, hakiwezi kuiga madini. Basi fungueni vinywa.

Sasa tazama mantiki yake. Jaribio la Carpenter linatoa hukumu: ama wewe ni mtu, ama si mtu. La Kate linatoa nusu ya hukumu. Mwenye jino lililozibwa anaachiwa. Asiye nalo huenda ni dubwana, na huenda ni mtu aliyepiga mswaki vizuri maisha yake yote. Waliobaki upande wa mashaka hawana namna ya kujitetea. Van Heijningen anapiga tukio hili polepole, tochi ikiingia kinywa baada ya kinywa, nyuso karibu kabisa na kamera, na kwa dakika hizo filamu inasimama sawa na mama yake. Hakuna dubwana linaloonekana. Kuna watu, tochi na kirusha moto, inatosha.

Lakini kila filamu tangulizi ina tatizo ambalo mswada mzuri pekee haulimalizi. Sisi watazamaji wa Afrika Mashariki tuna kanuni yetu ya zamani: stelingi hafi. Hapa kanuni imepinduliwa, maana aliyeiona filamu ya 1982 anajua kwamba Wanorwe wote wamekwisha. Waandishi walijitoa katika mtego huo kwa kuwaingiza watu ambao ushahidi wa Carpenter hauwataji: Kate na wanahelikopta wa Kimarekani, Carter na wenzake. Kwa hao mashaka yanarudi, tunaweza tena kujiuliza nani atapona. Gharama yake ni kwamba kisa cha Wanorwe kimekuwa kisa cha Wamarekani walio miongoni mwa Wanorwe, na wenyeji wa kambi, wengi wao wakiwa na ndevu zinazofanana, wanakufa kabla hatujashika majina yao. Katika kituo cha MacReady kuna watu kumi na wawili, na ukitoka pale unaweza kumweleza kila mmoja tabia yake.

Tatizo kubwa zaidi ni tabia ya dubwana lenyewe. Hofu ya Carpenter imejengwa juu ya subira. Kiumbe kinajificha, kinakula, kinacheka utani wa wenzake, na hadi leo watazamaji wanabishana Palmer, mmoja wa wale kumi na wawili, alimezwa saa ngapi. Hushambulia kikishabanwa. La 2011 lina haraka. Linajigeuza ndani ya helikopta iliyo angani, na kuangusha chombo ambacho kingelifikisha kwa binadamu wengine. Kwa kulitetea, Kate alikuwa amewapungia mkono warudi chini, kwa hiyo lilikuwa linakaribia kufichuliwa. Sawa. Lakini muda mfupi baadaye linamfuata Kate likiwa na umbo la mwenzake Juliette, linapasuka mbele yake na kumkimbiza kwenye korido huku likinguruma. Kuanzia hapo mtazamaji anajifunza jambo ambalo filamu hii haikupaswa kumfundisha: subiri kidogo, litajionyesha lenyewe. Mashaka yakikosa kazi, kinachobaki ni mbio.

Na mbio zinahitaji dubwana linaloaminika. Hapa ndipo palipotokea jambo linalowauma mafundi wa filamu hadi leo. Kampuni ya Amalgamated Dynamics, ya Alec Gillis na Tom Woodruff Jr., ilitengeneza madubwana ya kushikika: ngozi za bandia, mifupa ya mitambo, nyaya za kuvutwa na watu waliojificha nje ya fremu. Yalipelekwa mbele ya kamera, waigizaji wakaigiza nayo. Kisha, filamu ilipokwisha kupigwa, sehemu kubwa ya kazi hiyo ikafunikwa kwa picha za kompyuta. Baadaye Gillis na Woodruff waliweka mtandaoni video za madubwana yao yalivyokuwa, na mashabiki waliopendezwa nazo wakachanga fedha ili Gillis aongoze filamu yake mwenyewe, Harbinger Down ya 2015, yenye madubwana ya mikono.

Ni rahisi kusema kompyuta ndiyo mbaya, nami sikubaliani. Image Engine ya Vancouver, iliyofanya picha hizo, ndiyo iliyokuwa imewafanya wageni wa District 9 mwaka 2009, viumbe tulioamini wanaokota taka Johannesburg kweli. Tofauti ilikuwa kwenye mpango. District 9 ilipigwa ikijua tangu mwanzo kwamba kiumbe kitaingizwa kwa kompyuta, na kila kitu kilipangwa kukipokea. The Thing ilipigwa kwa ajili ya vinyago. Mwanga uliwekwa kuficha maungio yao, kamera ikakaa pale ambapo kinyago kinapendeza, mwigizaji akapiga kelele mbele ya kitu kizito kinachosogea polepole. Ukibandika hapo kitu cha kidijitali kinachorukaruka, vipimo vyote vinagombana: wepesi wake na woga wa mwigizaji, ulaini wa ngozi yake na mwanga mkali wa chumba. Zaidi ya hayo, kompyuta ilileta uhuru wa kuonyesha kila kitu, mwanzo hadi mwisho, kwa mwanga mweupe.

Rob Bottin, fundi wa madubwana ya Carpenter, hakuwa na uhuru huo mwaka 1982. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee, alifanya kazi hadi akalazwa hospitali kwa uchovu, na dubwana la kwenye banda la mbwa ikabidi lifanywe na Stan Winston. Kifua cha Norris, mwingine wa watu wa kituo cha MacReady, kilipofunguka na kuing'ata mikono ya Daktari Copper, walimtumia mtu asiye na mikono, akavishwa mikono ya bandia iliyojazwa damu. Hila ya aina hiyo unaionyesha kwa sekunde chache tu, kisha unakata, kabla jicho halijagundua. Ile mikato iliyolazimishwa na udhaifu wa vifaa ndiyo iliyompa Carpenter mdundo wake.

Sehemu ya mwisho, ndani ya chombo cha angani kilicholileta dubwana, sitaipotezea maneno mengi. Kulikuwa na rubani mgeni aliyekwisha kutengenezwa kwa mkono, akaondolewa, na badala yake tukapata nguzo ya vipande vya mwanga vinavyozunguka bila maana. Kinachokera zaidi ni kwamba hapa wapelelezi wenyewe wamekanyaga ushahidi. Katika filamu ya Carpenter, mkanda wa video wa Wanorwe unawaonyesha wakikizunguka chombo na kutega milipuko ili kuyeyusha barafu. Katika filamu tangulizi hakuna anayefanya hivyo; chombo kinajiwasha na kuyeyusha barafu chenyewe. Watu waliohangaikia shoka moja waliusahau mkanda mzima.

Filamu iliyogharimu dola milioni 38 iliingiza kama milioni 31 duniani kote. Takwimu hizo hazinisumbui sana, kwani hata ya Carpenter haikupata faida ya maana ilipotoka Juni 1982, siku moja na Blade Runner, wiki mbili baada ya E.T. Kinachonisumbua ni mahali walipoyaweka matukio yao ya kufungia. Rubani mwingine anatua kambini, anamkuta maiti wa kitini. Mbwa anachomoka na kukimbia, Lars anajitokeza na kumlazimisha rubani kwa bunduki wamfuate, na muziki wa Ennio Morricone unaingia kuikabidhi filamu ya 1982 mwanzo wake. Rogue One, filamu tangulizi ya Star Wars iliyotoka miaka mitano baadaye, ilijua thamani ya makabidhiano kama hayo na ikayafanya kilele chake. The Thing imeyakatakata katikati ya majina ya watengenezaji, baada ya mlipuko wa chombo na baada ya kumwacha Kate peke yake garini, wakati ambao taa za ukumbi zimeshaanza kuwashwa na watu wanatafuta mlango.