Hana Ushirikiano

Katika faili la kijana mmoja, kwenye kituo cha afya nilikopelekwa kwa mafunzo ya vitendo, kuna maneno mawili niliyoyaandika kwa mkono wangu: "Hana ushirikiano." Nimebadilisha mambo kadhaa hapa ili kijana huyo asijulikane, lakini maneno hayo sikuyabadilisha.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya magonjwa ya akili. Mwaka mzima nilikuwa wodini, nikiwaona watu waliokwisha kuletwa, wakavuliwa nguo zao na kuvalishwa sare. Sasa nilitakiwa kuwaona wakiwa wanatoka makwao na kurudi makwao. Nilikwenda na ari. Nikaanzisha kikao cha kila Alhamisi: viti kwa duara chini ya mwembe, wagonjwa wanane waliokuja kuchomwa sindano ya mwezi, pamoja na ndugu waliowasindikiza. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mgonjwa akizungumza mbele ya wenzake, upweke wake hupungua. Nikamwomba yule kijana atueleze ugonjwa wake ulivyoanza. Akatazama chini.

"Mimi mzima tu, dokta."

Alhamisi iliyofuata hakuja. Tarehe yake ya sindano ilipofika, hakuja. Ndipo nikaandika.

Siku zile nilikuwa nasoma maandishi ya kitabibu ya Frantz Fanon. Wengi wetu tunamjua Fanon kwa kitabu chake cha 1961, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Tunamjua kama mwanamapinduzi. Tunasahau kwamba alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na kwamba naye alipitia mafunzo kama haya yetu. Alisomea udaktari Lyon, kisha akafanya kazi Saint-Alban, hospitali iliyo katika milima ya kusini mwa Ufaransa, chini ya François Tosquelles, Mkatalunya aliyekimbia utawala wa Franco. Pale alijifunza kwamba kabla ya kumtibu mgonjwa inabidi kwanza uitibu hospitali yenyewe: wagonjwa wawe na kamati zao, gazeti lao, kazi zao, sherehe zao. Mwaka 1953 akapelekwa Blida-Joinville, Aljeria, akiwa na mafunzo hayo mkononi kama fundi aliyepewa sanduku jipya la vifaa.

Makala ninayotaka kuizungumzia aliiandika mwaka 1954 pamoja na Jacques Azoulay, daktari kijana aliyekuwa akijifunza chini yake. Inahusu jaribio lao la kuileta Saint-Alban ndani ya Blida. Walikuwa na wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220. Kwa wale wanawake, kamati, gazeti, sinema na sikukuu vilishika haraka. Kwa wale wanaume, hakuna kilichoshika. Mikutano ilikuwa kimya. Michezo haikuchezwa. Wauguzi wakachoka, wakarudia kazi yao ya zamani ya ulinzi.

Mahali hapo ndipo makala inapopata thamani yake. Ripoti nyingi za kitabibu, zikifika kwenye kushindwa, humgeukia mgonjwa: mgonjwa mzito, mgonjwa asiyeelewa, mgonjwa asiyetaka. Shule ya wakoloni huko Algiers ilikuwa na nadharia tayari ya kuunga mkono uvivu huo, nadharia iliyodai kwamba akili ya Mwaljeria ni duni kwa maumbile. Fanon na Azoulay wangeweza kuiazima na kazi ikaisha. Badala yake wanajigeuza wao kuwa wagonjwa wa makala yao. Wanakiri kwamba walikuwa wameibeba ile siasa ya kumtaka Mwaljeria aache alivyo awe Mfaransa, wakaiingiza wodini wakidhani ni tiba. Wanauliza maswali ambayo walipaswa kuuliza siku ya kwanza. Sikukuu hizi ni za nani? Mwanaume wa kijijini anakutana na wenzake wapi? Mkalimani anasimama upande wa nani, ikiwa mgonjwa amezoea kumwona mkalimani mahakamani na ofisini kwa mtawala? Baadaye kukawa na mkahawa wa wanaume, sikukuu za Kiislamu na msimulizi wa hadithi.

Niliisoma makala hii usiku, nikafikia mahali fulani nikaifunga. Sikuweza kuendelea bila kulikumbuka lile faili.

Lakini nisiisifu kupita kiasi. Makala ina kasoro, na kasoro yake inatuhusu. Ili kujisahihisha, waandishi wanakimbilia kueleza jamii ya Kiislamu kwa jumla: familia yake, dini yake, mwanaume wake. Wanaume 220 wanakuwa mwanaume mmoja. Ukimaliza kusoma huna hata mmoja unayemkumbuka kwa uso au kwa neno alilolisema. Wanawake wa Kiislamu hawamo kabisa katika hesabu. Wauguzi waliofasiri maneno ya wagonjwa, maana Fanon hakuzungumza Kiarabu wala Kikabyle, wanapita kama mlango unaofunguliwa na kufungwa.

Sura ya tano ya kile kitabu cha 1961, yenye visa vya wagonjwa wa wakati wa vita, inafanya kinyume. Pale watu wanaonekana. Kuna polisi wa Kizungu anayesikia usiku mayowe ya watu aliowatesa. Siku moja, katika uwanja wa hospitali, anakutana uso kwa uso na mmoja wa watu hao, ambaye naye ni mgonjwa. Polisi anashikwa na hofu. Mgonjwa naye anakutwa chooni akijaribu kujiua, akiamini wamekuja kumchukua tena. Fanon anaeleza haya kwa sentensi kavu, bila kupamba, na ukavu huo ndio unaoyafanya yasisahaulike. Hata hivyo, watu wa sura hii wameitwa kama mashahidi. Kila mmoja analetwa kuthibitisha kosa moja kubwa, ukoloni, na akishatoa ushahidi anaondoka; mara nyingi hatujui aliishia wapi. Kwa vita ile ilikuwa haki kuandika hivyo. Kwa mwanafunzi wa udaktari inaweza kuwa hatari. Kijana wangu hakuwa na askari wa kumnyooshea kidole. Alikuwa na mimi na viti vyangu vya duara.

Kwa hiyo nikiulizwa ni Fanon yupi asomwe na anayejifunza tiba ya akili, nitasema wa 1954, yule aliyeshindwa. Wa 1961 anatufundisha kuona dhuluma ya wengine. Wa 1954 anatufundisha kuitafuta ndani ya kazi yetu tuliyoifanya kwa nia njema.

Na kuna jambo moja ambalo hakunifundisha, kwa sababu hali yake haikuwa yangu. Yeye alijua kwamba hana lugha ya wagonjwa wake. Mimi nilikuwa nayo, nikadhani inatosha. Nilipouliza kuhusu sonona, walinijibu kwamba wana mawazo. Nikaandika sonona. Sikuuliza mawazo ya nini. Mkalimani niliyemhitaji alikuwa ameketi mlangoni akipanga kadi za kliniki: muuguzi aliyefanya kazi pale tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

Nilimwonyesha faili. Akasoma, akavua miwani.

"Dokta, yule mzee aliyekaa kiti cha tatu kutoka kwake ulimjua?"

"Yule aliyemsindikiza mkewe?"

"Ndiye mjomba wa binti anayemposa. Huko ukweni kijana amesema anakuja hapa kwa ajili ya kifua."

"Mbona hukuniambia, Sista?"

"Ulikuwa umeshapanga viti."

Tulikwenda kwao siku ya Jumanne, yeye na mimi, sindano ikiwa kwenye kibebeo cha chanjo ili majirani wadhani tunafuata watoto. Tulipokaribia, kijana akatoka nje, akamwamkia Sista. Wakasemezana kwa sauti ya chini. Sista akarudi kwangu njiani.

"Anasema atachoma. Ila wewe ubaki hapa."

Nikabaki hapo, karibu na kichanja cha vyombo cha jirani, nikajibu salamu za wapita njia. Habari ya posa sikuuliza, na mpaka naondoka kituoni hakuna aliyeniambia.

Katika faili la hospitali haifutwi kitu. Unachora mstari mmoja juu ya kosa, neno libaki likisomeka, unatia saini na tarehe. Nikachora mstari juu ya "Hana ushirikiano." Chini yake nikaandika: "Nilimuuliza mbele ya watu."